Maswali ya Wasomaji: Kwa Miguu Milima ya Usambara

SWALI: Ndugu Mhariri, Juni nataka kuwapeleka Lushoto wanangu wawili, wa miaka 11 na 14. Twaweza kutembea barabara yote ya Mombo hadi Lushoto kwa siku moja, tukiangalia mabonde? – Mama wawili, Ngamiani, Tanga

JIBU: Mama, barabara yote hapana. Ni kilomita 33 za lami zinazopanda karibu mita 1,000, na kutoka Mombo hadi Soni ni nyembamba mno: huku ukuta wa mlima, huku korongo. Gari likija, mtoto hana pa kusogea. Kipande hicho pandeni basi, mkae viti vya mbele na mle kidogo tu kabla, maana kona zile hutapisha.

Shukeni Soni mtazame maporomoko, kisha mpande gari jingine hadi Lushoto mlale. Miguu itunzeni kwa Irente, ukingo wa mlima unaotazama nyika.

Kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita 6; kwa mwendo wa watoto wekeni saa mbili kwenda tu. Juni ni baridi na asubuhi nyingi zina ukungu, kwa hiyo ondokeni saa tatu, mfike ukiwa umeanza kupanda. Mkiukuta bado umetanda, msikaribie ukingo. Kaeni nyuma msubiri, kwa sababu chini ya miguu yenu genge limekatika hadi tambarare ya Mazinde. Ukifunguka mtaiona nyika yote imelala chini, na hapo ndipo utakapofurahi kuwa hukuwachosha watoto kwenye lami. Wengi hupenda kungoja jua lizame. Ni pazuri kweli, lakini saa kumi na mbili na nusu giza limeshaanza kuingia, basi agizeni gari la kurudi mapema.

Kila mmoja abebe lita moja na nusu ya maji na sweta. Msitegemee joto la Tanga: kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi 6 hivi.

Popote mnapofuata barabara, tembeeni kulia mkiyakabili magari, mmoja nyuma ya mwingine. Kona ikipindia kulia, vukeni mapema mpite upande wa nje. Dereva anayekuja hubana ndani ya kona na hawaoni mpaka awafikie.

Mkitaka msitu wa Magamba, huo ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na una kiingilio. Chukueni mwongoza njia, na suruali zichomekwe ndani ya soksi: siafu hukata njia bila taarifa.

SWALI: Kila nikishuka mlima, kucha za vidole gumba vya miguu huwa nyeusi. Viatu vidogo? – Msomaji, Muheza

JIBU: Huenda, lakini mara nyingi kosa ni kamba. Kwenye mteremko mguu huteleza mbele na kidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Damu huvia chini ya kucha. Kata kucha siku mbili kabla. Kabla ya kushuka, kaa, gongesha kisigino nyuma ya kiatu, kaza kamba sana sehemu ya kifundo na uziache zilegee kidogo kwenye vidole. Ukisimama, pawe na nafasi ya upana wa kidole mbele. Kisha shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, hasa mvua ikiwa imenyesha, maana udongo mwekundu wa huko huteleza vibaya.