Nyota imelipuka, mbona bado ipo?

Swali limetoka kwa msomaji wa Arusha, ana kadarubini kake na kwa wiki kadhaa amekuwa akiifuatilia nyota inaitwa SS Cygni, upande wa kaskazini. Kwenye daftari aliandika "leo nyota inametameta", mkewe akamwambia hapana, hiyo imelipuka, shemeji naye akadakia, kitu kikishalipuka si ndo basi tena, mbona nyota bado ipo? Anataka nimwamulie.

Shemeji, pole, hili umeshindwa. Wewe ukisikia kulipuka unawaza bomu tu. Moto wa kuni ukiupulizia kidogo si unalipuka, na jiko lipo palepale? Mtu akichokozwa akalipuka kwa hasira, kuna aliyewahi kuokota vipande? Na nyie watu wa Arusha ndo kabisa, Ol Doinyo Lengai ulilipuka 2007 na mlima mnauona mpaka leo. Neno linasema kitu kimetoka ghafla na kwa nguvu, kama kinabaki au hakibaki hilo ni suala lingine. Ila msije mkaandika "nyota imelipua", maana mtaani anayelipua ni fundi aliyefanya kazi hovyohovyo akachukua hela akasepa.

Tena ukijua kinachoendelea kule juu huo mfano wa jiko unaingia vizuri zaidi. SS Cygni ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu mno, mzunguko mmoja saa sita na nusu hivi, yaani usiku mmoja haujaisha zishamaliza raundi. Moja ni kibete cheupe, yaani masalia ya nyota iliyokwisha kuni zake, kadogo lakini kazito balaa, kanavuta gesi ya mwenzake, na gesi haidondoki moja kwa moja, inajikusanya kwanza kama sahani inayozunguka, inajaa, inapata moto, mara paap, inawaka. Kwa hiyo kinacholipuka ni ile sahani, nyota zenyewe hazijaguswa. Baada ya siku kadhaa inatulia, wiki saba nane mbele inarudia, japo haifuati kalenda, na ndo mchezo wake tangu Louisa Wells wa Harvard alipoigundua 1896. (Wengine huziita nyota pacha. Mi sipendi, pacha tunategemea wafanane, hizi wala. Nasema tu nyota na mwenzake.)

Sasa kumetameta, hapa mke kashinda. Umande unametameta, kigae cha chupa juani kinametameta, ni mwanga wa kuja na kupotea kufumba na kufumbua. Nyota nazo zinametameta, ila hiyo ni hewa ya huku kwetu inayochezesha mwanga wake, kwa hiyo mtu akisoma daftari lako ataelewa kwamba hewa ya Arusha usiku ule ilikuwa haijatulia, basi. Mabadiliko ya siku hadi siku tuna maneno yake, imeng'aa zaidi, imefifia. Na kufifia sio kuzimika, taa ya chemli ikififia bado unaona mlango uko wapi.

Kuna kosa lingine hukuliuliza lakini nimeliona kwenye sentensi yako, "nyota imeshuka toka 12 hadi 8". Hizo ni namba za kupimia mwanga wa nyota, na wataalamu wa nyota wanahesabu kinyume, namba ndogo ndo mwanga mwingi, na toka 12 hadi 8 mwanga umeongezeka karibu mara 40! Msomaji wa kawaida akiona "imeshuka" anajua imefifia. Mtaje mwenye kupanda, yaani mwanga, usiiachie nyota peke yake.

Basi andika hivi: "SS Cygni imelipuka, mwanga umepanda toka namba 12 hadi 8." Na ni imelipuka, sio amelipuka, huyo wa a- ni nyota wa mpira.