Skana ya 3D na Vipimo vya Mguu: Tofauti Hutoka Wapi?

Ukiskani mguu uleule mara mbili na mzingo wa kifundo ukatofautiana kwa milimita 4, usianze kuilaumu mashine. Mara nyingi kilichobadilika ni mkao wa mpimwa au mahali pa alama.

Mtu akisimama, tao la unyayo hushuka, mguu ukarefuka na kutanuka. Kwa hiyo skani ya aliyekaa hailinganishwi na ya aliyesimama. Chagua mkao mmoja: uzito sawa kwa miguu yote miwili, macho mbele, mkono umeshika kitu imara. Skana ya mkononi inapozunguka mguu, kuyumba kidogo tu huacha tabaka mbili za uso wa mguu kwenye picha, na mzingo huongezeka bure. Pima saa ileile pia, kwani miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda.

Alama ndizo zenye kazi kubwa. Papasa mfupa kwanza, kisha bandika vibandiko vidogo kwenye mifupa inayochomoza pande mbili za kifundo, na kwenye maungio ya shina la kidole gumba na la kidole cha mwisho. Urefu wa mguu hutulia kwa sababu ncha zake zinaonekana wazi. Mzingo wa kifundo haukupi nafasi hiyo: umbo hubadilika haraka pale, na mahali unapopimia mzingo pakiinama au kupanda kidogo, jibu ni jingine.

Ili kujua kosa lako, pima watu kadhaa mara mbili kila mmoja. Kati ya vipimo hivyo viwili mpimwa aondoke alipo, vibandiko vitolewe, uvibandike upya. Ukiviacha, umejaribu mashine tu, hukujijaribu wewe. Kwa kila mtu toa kipimo kimoja kwenye kingine, tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti hizo (yaani zinavyotawanyika kutoka wastani wao), ugawe kwa 1.41: hilo ndilo kosa la kipimo. Lizidishe kwa 2.77 upate badiliko dogo kabisa la kuaminika. Kosa likiwa milimita 1, badiliko lisilofika karibu milimita 2.8 usiliite uvimbe. Tusingeridhika na mgawo wa uthabiti pekee (namba inayoonyesha vipimo vya kurudia vinavyokubaliana), maana hupanda hata kwa sababu tu wapimwa wana miguu ya saizi mbalimbali.

Mashine inayozidisha milimita 2 kila mara bado inafaa kufuatilia uvimbe. Kwa viatu haifai: saizi moja ya Ulaya ni milimita 6.67 tu. Skani nayo kitu kigumu kisichong'aa, chenye vipimo unavyovijua, uone inazidisha kiasi gani.