Vol, Volume au V?

SWALI: Mambo mhariri, mi dijei hapa Kijenge, Arusha, nina miksi saba, ya kwanza niliandika Vol 1, ya pili Volume Two, ya tatu V.III, sasa kwenye simu za watu zinajipanga hovyo. Niandikeje?

JIBU: Chalii yangu, hapo umejichanganya mwenyewe. Shika mtindo mmoja: jina, koma, alafu Vol. na namba ya kawaida, mfano "Usiku wa Kijenge, Vol. 3", kama kuna jina dogo la ziada likae baada ya nukta pacha. Hata MusicBrainz, ile hifadhi ya taarifa za muziki, wanatenganisha kwa koma. Namba za Kirumi achana nazo, simu inaziona herufi tu ndo maana IX inakaa mbele ya V. Alafu programu zingine zinasoma tarakimu moja moja toka kushoto, so Vol. 10 inaruka mbele ya Vol. 2, ukiona utafika kumi anza na 01 kabisa, haipendezi sana machoni (mi binafsi siipendi) ila inapanga vizuri. Kava za zamani ziache zilivyo, we rekebisha majina ndani ya mafaili, jioni moja inatosha.