Nifyeke msitu niongeze michikichi? Na maswali mengine ya wasomaji

Nina ekari sita kisiwani Bugala, kipande chembamba chenye upana wa mita 40 hivi, kinachoanzia ziwani na kupanda mlimani. Ekari nne za juu zina michikichi ya miaka kumi na moja, mbili za chini bado ni msitu. Navuna tani nne za mikungu kwa ekari kwa mwaka. Vijana wangu wanataka tufyeke ule msitu tupande. Mnashaurije?
*Ssalongo, Kalangala*

Usifyeke, Ssalongo. Tuanze na kamba ya kupimia. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kuzunguka Ziwa Viktoria, na unapimwa kuanzia pale maji yanapoishia yakiwa yamepungua. Ekari mbili ni kama mita za mraba 8,094. Ukigawa kwa upana wa mita 40 unapata urefu wa mita 202, kwa hiyo msitu wako karibu wote umo ndani ya ukanda. Kuwa na hati ya mailo (umiliki wa kudumu) au kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine) hakubadilishi hilo. Mwite afisa mazingira wa wilaya aweke alama, usikadirie kwa macho, maana ufuko huhama: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya 1964.

Hata sheria ingekaa kimya, hesabu ingekukataza. Mchikichi unaopandwa leo huanza kuvunwa baada ya miaka mitatu hivi, na hufikia nguvu yake kamili ukiwa na miaka minane au zaidi. Ukiutunza kama unavyoitunza ile ya juu, ekari mbili mpya zitakupa tani nane kwa mwaka, na si kabla ya hapo. Shamba lililokomaa na kutunzwa vizuri hutoa kama tani 20 kwa hekta, yaani nane kwa ekari. Ukizipandisha ekari zako nne kutoka tani nne hadi saba tu, umepata tani 12 za ziada bila kukata mti hata mmoja.

Sasa, tani hizo zimepotelea wapi? Kwanza hesabu miti. Kwa nafasi ya mita tisa kila upande, kwa mpango wa pembetatu, ekari inabeba miti kama 58, kwa hiyo unapaswa kuwa na 232. Mingi ikiwa imekufa bila kujaziwa, sehemu ya jibu umeshaipata. Kisha tazama makuti ya chini. Madoa ya rangi ya chungwa yanayopenya mwanga ni dalili ya upungufu wa potasiamu. Kuti lililogeuka manjano upande unaopigwa na jua, huku upande wa kivulini ukibaki kijani, linalilia magnesiamu. Majani machanga yenye ncha zilizojikunja kama ndoana yanataka boroni. Mti uliokomaa kwa kawaida huhitaji kilo mbili hivi za potashi, mbolea yenye potasiamu, kwa mwaka; igawe mara mbili, mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, kwa sababu kwenye udongo wa kichanga ukiimwaga yote kwa mpigo mvua huichukua na kuipeleka ziwani. Kabla ya kununua chochote, peleka majani yakapimwe.

Palilia duara la mita mbili kuzunguka shina, na uache nyasi fupi katikati ya mistari. Makuti unayokata yapange kwenye mistari ya kupishana, usiyachome. Acha makuti kama 40 kwenye kila mti. Wanaonyoa mti hadi ubaki na kishungi juu wanakata jiko linalopika mafuta yao. Kama kiwanda kinatoa mabaki ya mikungu iliyokwisha kutolewa matunda, tandaza kilo 150 hadi 250 kwa mti, tabaka moja tu, kwa sababu yakirundikwa huwa mazalio ya mbawakawa wenye pembe, ambao hutoboa kiini cha mti.

Uvumilivu utauhitaji. Mchikichi huamua kama ua litakuwa la kike au la kiume takribani miaka miwili kabla ya mkungu wake kuiva. Mti uliopata kiu au njaa huzaa maua ya kiume kwa wingi, na hasara yake haionekani mwaka huo. Mbolea ya leo nayo utaidai baadaye.

Jirani anauza miche aliyoichimba chini ya michikichi yake, kwa bei ndogo sana kuliko ya kitalu. Miti mama inazaa vizuri kabisa. Kuna ubaya gani?
*Msomaji, Buvuma*

Ubaya upo kwenye ukoo. Miti ya mashambani ni chotara aitwaye tenera, aliyepatikana kwa kuvusha dura, mwenye gamba nene ndani ya tunda, na pisifera, asiye na gamba. Mbegu za tenera zilizochavushana zenyewe hurudi kwa mababu: robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Maua ya kike ya pisifera kwa kawaida hukosa uzazi, mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Kwa hiyo katika miche 58 ya ekari moja, kama 14 au 15 haitakupa kitu, na idadi kama hiyo itatoa mafuta pungufu.

Kwa macho, mche wa miezi 12 hautakuambia ni upi. Utajua miaka mitatu baadaye, ukikata tunda katikati kwa kisu: tenera ana gamba jembamba lenye duara la nyuzi nyeusi pembeni yake, dura ana gamba nene lisilo na duara hilo. Muulize muuza kitalu karatasi za mbegu ilikotoka. Akikwepa, ondoka.

Mchikichi si mti? Kwa nini shamba la michikichi lisihesabiwe kuwa msitu?
*Mwanafunzi, Masaka*

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linapohesabu misitu ya dunia huyaacha nje mashamba ya michikichi, na tunakubaliana nalo. Shamba lina aina moja ya mti, umri mmoja, na baada ya miaka 25 hivi linang'olewa, kwa sababu mikungu imeshakuwa juu mno kufikiwa na mundu. Kaboni inayohifadhiwa humo ni ndogo sana kuliko ya msitu wa asili. Wanyama na ndege wengi wa msituni hawakai humo kabisa.

Nikiacha kununua mafuta ya mawese, nitaokoa misitu?
*Mama wa nyumbani, Kampala*

Si moja kwa moja, mama. Hekta ya michikichi hutoa tani tatu hadi nne za mafuta, alizeti chini ya tani moja, soya kama nusu tani. Ukihama, mafuta yako yatahitaji ardhi kubwa zaidi mahali pengine. Cha kuuliza ni shamba lile lilikuwa nini kabla. Sehemu kubwa ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi ilikatwa kwa ajili yake. Lakini si kila mchikichi umepandwa palipofyekwa: Bundibugyo, karibu na msitu wa Semuliki, hujiotea wenyewe.

Kiwanda kimeirudisha mikungu yangu mara mbili. Wanasema mingine mibichi, mingine imechacha.
*Mkulima, Bugala*

Zote mbili ni makosa ya ratiba. Usikate mkungu ambao haujaangusha matunda chini. Rangi peke yake hudanganya. Zunguka shamba kila baada ya siku 10, ukizidisha 14 umechelewa. Mkungu ukishakatwa, kimeng'enya kilichomo kwenye tunda huanza kuvunja mafuta kuwa asidi huru, na kila tunda lililopondeka huharakisha kazi hiyo. Fikisha kiwandani ndani ya saa 24. Kwa hiyo kwanza jua siku ya lori, ndipo ukate, jana yake mchana au asubuhi ile ile. Matunda yaliyodondoka yana mafuta mengi kuliko yote: yaokote kwenye gunia la peke yake, bila mchanga wala vijiti.