Tu-stroki inayokohoa mwendo mdogo, kisha inakurusha

Kaka, usifungue injini bado. Umesema hiyo tu-stroki (piki ya injini ya mipigo miwili) inakohoa mwendo mdogo, imetoka Dar na kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, haijaguswa; Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi hewa. Ndiyo maana inakohoa ukipita polepole kwenye mawe, halafu ikichanganya inakurusha.

Safisha kwanza filta ya hewa, maana vumbi la huku unalijua. Kisha pasha injini moto, tafuta skrubu ya hewa ya kabureta, upande wa filta. Ifunge taratibu hadi mwisho, ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu cheza robo robo mpaka mngurumo wa injini bila gesi utulie na injini ipokee mafuta bila kusita. Ikitaka zaidi ya mizunguko miwili na nusu, weka jeti ndogo (kitundu cha petroli ya mwendo mdogo) ya namba ya chini.

Jeti kubwa, ya mwendo wa kasi, usiipunguze kwa pupa! Oili ya pistoni inapita humo humo na petroli. Ukiibana sana, pistoni inajamu. Soma rangi ya plagi: kahawia ni sawa, nyeupe rudisha jeti ya namba ya juu.

Sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi nayo inasaidia sana milimani, kuliko hizo sailensa za moshi zenye kelele.