Maswali na majibu: Mfungulieni mama mlango

Mama, miaka 79, kila jioni hubeba kikapu akisema anaenda kwao, na yuko kwake. Tukifunga mlango analia. Tufanyeje? (Kondele, Kisumu)

Fungueni mlango. Mkimwambia "hapa ndipo kwako" mnabishana na demensia, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na ugonjwa hausikii hoja. Tembeeni naye mpaka njiani mkimwuliza habari za huko kwao: nani alichota maji, ng'ombe walikuwa wangapi. Mara nyingi hutulia, akakubali kurudi. Halafu angalieni anavyoshinda. Mtu aliyekaa kitini kutwa, pazia limefungwa, atahangaika jua likizama. Mtoeni nje asubuhi, apewe kazi aliyoizoea: kuchambua mboga ya apoth, kuchagua mchele, kukunja nguo. Akikosea msimsute, mchele utachaguliwa tena. Na kaka zako wanaotuma pesa tu, waje washinde naye Jumamosi, wewe upumzike.

Kuna mitishamba ya kurudisha kumbukumbu? (Nakuru)

Hakuna. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Pesa hiyo mnunulieni betri za redio.

Baba, mstaafu wa reli, haongei tena. Muziki husaidia kweli? (Bahati, Nakuru)

Husaidia, ingawa hauponyi. Tafuta nyimbo za ujana wake na za kanisani kwao, uimbe naye pole pole. Wapo wazee waliosahau majina ya watoto wao ila humaliza ubeti mzima. Redio ya kupiga kelele kutwa humchosha, izimeni. Mpe kofia yake ya kazi aishike, umwulize habari za stesheni.

Hata vikundi vinafaa. Uingereza walibuni vikao 14 vya kuchangamsha akili, viwili kwa wiki kwa wiki 7, kila kimoja kama dakika 45: michezo, nyimbo, mazungumzo ya vyakula na utoto. Watanzania wamevijaribu wilayani Hai, Kilimanjaro. Kinamama wa kanisa lenu wanashindwa nini?

Nyanya ameanza wiki hii kuona watu usiku. Majirani wanasema ni uchawi. (Kakamega)

Wiki hii? Basi mpelekeni hospitali leo. Demensia huja pole pole. Mzee akichanganyikiwa ghafla huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria au upungufu wa maji mwilini, na hayo yanatibika. Mkipewa dawa za kumtuliza, mwulizeni daktari hatari zake: tangu 2005 Marekani imeonya kwamba baadhi yake huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Na hao majirani waambieni wazi wakome. Oktoba 2021 kina mama wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa maneno kama hayo. Asilale peke yake mpaka maneno hayo yaishe.