Maswali ya Wasomaji: Utando wa Oksidi na Gesi ya Mkaa

SWALI: Ndugu Mhariri, huku kwetu Njombe baridi ya Juni na Julai ni kali, na watu wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Nilinunua kifaa cha kutambua gesi ya sumu, na maelezo yake yanasema ndani mna utando mwembamba wa oksidi ya bati. Juzi kililia mke wangu alipojipulizia manukato, ilhali jiko lilikuwa nje. Utando huo hutambuaje gesi, na je, tunaweza kuutegemea tukiwa tumelala?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa chako hakikuharibika. Kililia kwa sababu ya namna utando wenyewe unavyofanya kazi.

Oksidi ya bati ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme kwa kiasi tu. Inapopashwa moto na hita ndogo hadi kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi, oksijeni ya hewani hunata juu ya uso wake na kushika elektroni (chembe zibebazo umeme) zilizo karibu, hivyo umeme hupita kwa shida. Kaboni monoksidi, yaani ile gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa, ikifika, huungana na oksijeni hiyo na kuondoka ikiwa kaboni dioksidi, nazo elektroni zilizoshikwa hurudi ndani ya utando. Ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hushuka, na kifaa hupiga king'ora.

Kwa kuwa yote haya hutokea usoni, wembamba una faida kubwa. Katika tabaka nene lililoshikamana, umeme hupata njia chini, mahali ambapo gesi haifiki. Bali utando wa makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huathirika karibu wote, hasa chembe zake zikiwa ndogo sana. Mwaka 1962, Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba utando wa oksidi ya zinki unaweza kutambua gesi kwa njia hii, na Mjapani mwenzao Naoyoshi Taguchi akaendeleza vitambuzi vya oksidi ya bati vilivyokuja kuingia majumbani.

Sasa tuje kwenye manukato. Utando hauitambui kaboni monoksidi yenyewe, bali hutambua kwamba oksijeni ya usoni imepungua, na spiriti iliyomo kwenye manukato huipunguza vilevile, kama ifanyavyo gesi ya kupikia au hidrojeni. Hata unyevu wa hewa hubadilisha kipimo. Ili kupunguza tatizo hili, watafiti huongeza metali za paladi au platini, hubadilisha joto la hita, au huchanganya oksidi nyingine. Kwa mfano, oksidi ya shaba huufanya utando wa oksidi ya bati kuwa mwepesi sana kuhisi gesi ya hidrojeni salfidi. Mbinu hizi hupunguza mkanganyiko bila kuumaliza.

Kwa hiyo sikushauri ulale ukitegemea kifaa hicho. Kwa chumba cha kulala ningechagua king'ora cha kaboni monoksidi chenye kitambuzi cha kikemia-umeme, yaani ambacho gesi ikiingia huzalisha mkondo mdogo wa umeme kwa mmenyuko wa kikemia, kilichothibitishwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, ambacho hutaka kilie ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 katika milioni. Hata ukikipata, jiko libaki nje, nami nalisisitiza hili kwa moyo wote: gesi hii haina rangi wala harufu, hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala anaweza kupoteza fahamu kabla hajaamka.

Kifaa ulicho nacho bado kinaweza kukufaa jikoni ikiwa maelezo yake yanataja gesi ya mtungi. Kiweke chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Usipulizie karibu yake dawa zenye silikoni, kwani mvuke wake hufunika utando na kuutia ububu. Kumbuka pia kwamba katika vifaa vingi kitufe cha kujaribia hupima sauti na saketi tu, na hakiwezi kukuonyesha kama utando bado unahisi gesi. Kwa hiyo fuata tarehe ya kukibadilisha iliyoandikwa na mtengenezaji.